Ng'ombe Walioondolewa kwa Marafiki

Chumba kile cha shule, hapa Louisville, Marekani, kilinuka kahawa iliyopoa na dawa ya kusugulia sakafu. Nilikuwa nimetoka ghalani moja kwa moja, fulana ya kazi ikiwa bado mwilini. Mwalimu wa historia wa binti yangu Riziki aliweka karatasi ya mtoto mezani. Darasa zima lilikuwa limepewa kazi moja: chagua uamuzi wa kiongozi katika vita vya dunia, uamuzi uliokwenda kombo, kisha eleza ni nani aliyeumia. Wenzake waliandika juu ya majenerali waliopeleka askari kwenye baridi kali bila makoti. Riziki aliandika juu ya kamanda wa milima yetu ya Kivu ya Kusini, kule Kongo, katika vita vile vilivyoingiwa na nchi nyingi hata wanaovisoma wakaviita vita vya dunia vya Afrika. Mwalimu alitabasamu. Alisema, kwa upole kabisa, na mkalimani kwenye simu akatafsiri: "Mama, nasikitika kwa yaliyowapata. Lakini yale yalikuwa mapigano ya makabila. Hapa tunajifunza maamuzi, kwa hiyo Riziki aandike nyingine. Hata darasani nimeeleza kwamba vita vile vilikuwa vya makabila." Riziki akatazama viatu vyake, akaniambia kwa Kiingereza kwamba haidhuru, ataandika nyingine, kwani vile havikuwa vita vya kweli. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nikamwambia mwalimu, "Bon, sawa. Kaa basi nikwambie nani aliamua." Hakukaa. Wazazi wengine walikuwa wanangoja mlangoni. Kwa hiyo nawaambia ninyi.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Milimani kwetu asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi ya kukufanya ujibanze kwenye ubavu wa ng'ombe upate joto, na maziwa yalinuka moshi wa majani ambayo mama alifukizia vibuyu. Ng'ombe wetu hawakukaa pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: wachache unabaki nao, wengine unawaweka kwa marafiki kwenye vilima vingine, hata kwa watu wa kabila lingine wanaosema lugha nyingine. Rafiki anakamua, watoto wake wanakunywa, na ndama wakizidi naye anapata wake. Ugonjwa ukishuka kwenye kilima kimoja, haukumalizi. Tena, mtu anayekunywa maziwa ya ng'ombe wako hawezi kusikia unatafutwa akanyamaza. Ng'ombe wetu mzuri kuliko wote, Gaju, alikuwa kwa Baba Asukulu, mtu wa kabila lingine, ng'ambo ya kijito, na mimi nilijua njia ya kwake kuliko njia ya shule.

Kiangazi kimoja, vita vikiwa vimeanza, kamanda wa vijana wetu wenye bunduki alikuja kuongea na wazee. Sitasema alikuwa mjinga. Alikuwa mtoto wa milima kama sisi, naye pia alikuwa na wakubwa wake, watu wa miji ya mbali ambao hatukuwaona hata siku moja, waliomwambia vita vitakwisha kabla ya mvua. Bunduki alizokuwa nazo zilikuwa chache, hazikutosha kulinda ng'ombe waliotapakaa kila kilima. Basi akaamua: kila mtu akamrudishe ng'ombe wake, wote wakusanywe, washushwe bondeni upande wa ziwa, na familia zishuke nao. Kule ni tambarare, alisema, adui anaonekana kutoka mbali. Baba akauliza, "Komanda, na kupe wa bondeni je?" Kamanda akamjibu, "Kupe hawana bunduki, mzee wangu." Watu wakacheka. Baba naye alicheka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, na guu letu ndilo lililovunjika.

Nilifuatana na baba kwenda kumchukua Gaju. Baba Asukulu alikuwa anarekebisha ua wa zizi. Aliiona kamba mkononi mwa baba, akaacha kazi.

"Gaju amenizalia ndama wa pili," akasema, "wewe unaniletea kamba?"

"Ni amri, ndugu yangu. Si mimi."

"Huyo aliyetoa amri ananijua?"

"Hakujui."

"Donc, kwa hiyo mtu asiyenijua amekwambia uniogope, na wewe umeitika."

Mke wa Baba Asukulu alinipa kiazi kitamu cha moto, akasema, "Kula, mwanangu, wewe hujaja kuchukua kitu." Baba Asukulu mwenyewe ndiye aliyemswaga Gaju hadi kwenye kijito. Pale akasimama. Siku zote alikuwa akivuka nasi, akitusindikiza hadi kwenye mteremko. Siku ile hakuvuka, na baba hakugeuka nyuma.

Bondeni kulikuwa na joto ambalo sikuwahi kulijua, joto la kulala nalo na kuamka nalo. Kupe walijaa masikioni mwa ng'ombe kama punje za mahindi. Wakaanza kuvimba shingo, wakahema, wakaanguka, mmoja baada ya mwingine, wote mahali pamoja, kwa sababu tulikuwa tumewakusanya kwa mikono yetu. Gaju alikuwa kati ya wa mwanzo. Maziwa yakakatika. Na mbu wa bondeni hawakutuhurumia sisi watoto wa milimani, ambao miili yetu haikuijua malaria. Mdogo wangu Mugisha alikuwa bado anaishi kwa maziwa. Alishikwa na homa, akawa mwepesi mgongoni mwa mama kama kitambaa. Mama akasema tupande, turudi kwenye baridi, mtoto apumue. Njia ya kupanda ilikuwa moja tu, nayo ilipita kwa Baba Asukulu. Baba akasema, "Nitapitaje mlangoni pa mtu niliyemfanya adui?" Tukabaki. Mugisha tulimzika pale pale, kwenye udongo wa mchanga usio wetu. Kamanda alikuwa amekwisha kuhamishwa mbele zaidi. Mvua zilikuja, vita havikwisha.

Sasa baba yuko Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, anafanya kazi ya kupakia maboksi. Friji lake halikosi maziwa na hayanywi, ni ya wajukuu. Binti wa Baba Asukulu yuko Buffalo, anatunza wazee. Tulipatana kwa simu kupitia watu wa kanisa, na kwa muda mrefu tuliongea theluji tu na bei ya nyumba. Mwaka huu akaniambia. Ng'ombe wetu walipoondolewa, baba yake alisema mtu hamwondoi ng'ombe wake kwako isipokuwa anajua moto unakuja na hataki aungue pamoja nawe. Kabla ya wiki kwisha familia yao ilikimbilia msituni. Kule nao walizika mtoto. Donc siku ile mama alipolia tupande, ile nyumba tuliyoiogopa ilikuwa tupu. Sijamwambia baba. Milimani niliishi bila shule ya maana na bila umeme, lakini kila mtu alijua nani alisema nini na nani alifuata. Hapa mtoto wangu ana vitabu, ana kompyuta ya shule, na anafundishwa kwamba wakubwa wa wengine walikosea, sisi tulichinjana tu.

Ofisi ya shule iliniambia ninaweza kulalamika kwa lugha yangu, watatafsiri. Nilisema, Riziki akachapa, bila kunitazama. Tulipofika kwenye jina la mjomba wake aliuliza kama aliandike. Nikamwambia andika. Tulichotuma ni hiki:

"Mimi ni mama wa Riziki. Ninalalamika kwamba mwalimu wa historia alikataa kazi ya binti yangu akisema vita vyetu havikuwa na maamuzi. Viliamuliwa. Mtu alisimama mbele ya wazazi wangu akawaambia washuke bondeni, na juu yake walikuwepo waliomdanganya kwamba vita vitakwisha upesi. Siombi mwalimu afukuzwe. Naomba karatasi isahihishwe kama za wenzake, na palipo na kosa apunguziwe alama. Pia naomba mwalimu aseme darasani, alikosemea yale mengine, kwamba mdogo wangu Mugisha alikufa kule bondeni kwa sababu viongozi walipiga hesabu vibaya. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuita jina langu."