Kaka Wawili Katika Picha Moja

Kamera ndogo ya Esmeralda ina miaka kumi na mitatu, na ukiiwasha inatoa lenzi yake kwa mlio wa mtu anayekohoa kanisani. Inaingia mfukoni. Haina tundu la kuchungulia, haina lenzi ya kubadilisha, na betri yake imechoka kiasi kwamba lazima utembee na nyingine ya akiba. Kwa miaka yote hiyo imepiga ubatizo, komunyo ya kwanza, harusi na mazishi ya Wagoa wa Scarborough, Kanada, waliotokea Tanga, Mombasa na Kampala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisifu. Watu walisifu chakula, wakasifu magauni, kamera ikarudi mkobani pamoja na rozari.

Mwenyewe hana tofauti nayo sana. Alizaliwa Tanga, babake karani wa reli. Akaja Kanada mwaka 1974, akafanya kazi miaka ishirini na sita katika ofisi ya mizigo kule Malton, ubavuni mwa uwanja wa ndege, akiandika hati za mizigo na kubadilisha mabasi matatu kutoka kwake Agincourt kwenda na matatu kurudi. Mumewe alifariki zamani. Mwanawe ni Neil, na Neil ana binti, Kimberly, ambaye mwaka huu amezaa na kumfanya Esmeralda awe mama wa babu wa mtu, cheo ambacho hata jina lake la Kiswahili hakulikumbuka vizuri. Ana miaka sabini na mitano. Amestaafu, na kazi aliyobaki nayo ni kumpigia picha dada yake.

Dada huyo ni Adelina, mkubwa wao, aliyekataa kuhama. Bado anaishi Upanga, Dar es Salaam, mwalimu mstaafu mwenye miaka themanini na miwili na magoti yasiyotaka tena habari za ndege. Adelina haangalii picha kama wanavyoangalia watu wengine. Uso wa bibi harusi anaupitia mbiombio, kisha anakwenda nyuma: nani kakaa na nani, nani hakuja, nani kanenepa, sambusa zilifika meza za mwisho au ziliishia njiani. Ni mahudhurio yale yale aliyokuwa akiyaita darasani, ila sasa anayaitia kwenye tableti. Esmeralda amekwisha kumzoea. Akipiga picha ya keki, anahakikisha ukumbi mzima umo.

Ndugu zao wa kiume ni wawili, Nicolaus na Lancelot, na ni miaka kumi na moja sasa hawapikiki chungu kimoja. Ilikuwa siku ya mazishi ya mama yao. Theluji ilianguka tangu alfajiri, na Lancelot, anayekaa Richmond Hill, alikwama barabarani. Nicolaus, kama kaka mkubwa, alisubiri dakika ishirini, akatazama saa, akamwambia padri waendelee. Jeneza likafungwa. Lancelot aliingia kanisani na viatu vyenye theluji, akakuta kifuniko. Hakupiga kelele. Alikaa benchi la mwisho, na tangu siku hiyo hajamsemesha kaka yake neno, na Nicolaus naye, ambaye angeweza kuomba radhi kwa sentensi moja, akaona kwamba aliyechelewa ndiye wa kuanza. Vichwa vigumu wote wawili. Walirithi kwa baba.

Sasa, mwezi wa kumi na moja mwaka huu, Adelina alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto lilipangwa Januari. Siku bandeji ilipoondolewa alimpigia Esmeralda simu huku anacheka.

"Esme, nimeona nyufa za ukuta wangu! Mbaya kweli! Sasa sikiliza. Kabla sijafa nataka kitu kimoja kwa jicho hili. Nataka niwaone kaka zako katika picha moja."

"Dada, hao hawasimami pamoja."

"Sikusema wasimame pamoja. Nimesema picha moja. Na usiwapige mbalimbali halafu Neil akaja kuwaunga kwenye kompyuta. Nitajua."

Hakuna mtu aliyewahi kumdanganya Adelina akafanikiwa, kwa hiyo Esmeralda alikubali.

Ikatokea kwamba wiki hiyo hiyo Neil alimletea mama yake zawadi ya siku ya kuzaliwa, kamera mpya, ile aina wanayoiita mirrorless, isiyo na kioo cha kuakisi ndani. Aliiweka juu ya meza ya jikoni kando ya ile ndogo, akaanza kuhubiri. Neil anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na Esmeralda humsikiliza kwa Kiingereza na kumjibu kwa Kiswahili, na wote wawili huona ni jambo la kawaida. Akaeleza kwamba ndani ya ile ndogo kile kidude kinachopokea mwanga kina ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani ya hii mpya ni kama stempu ya barua. Ndiyo maana ile ukumbini jioni inatoa picha za chengachenga na hii haitoi. Hii ina tundu la kuchungulia, unaibana usoni na haitikisiki. Lenzi zake zinatoka na kuingia, na yeye amemwongezea moja fupi, nene, inayokunywa mwanga hata wa mshumaa. Tena hii ni ya wanaoanza tu, alisema, wala siyo ghali kama za mafundi.

"Mimi siyo anayeanza," Esmeralda alisema.

Lakini alivutiwa. Aliishika, akamchungulia Neil, na kweli mwanawe alitokea mzuri kuliko alivyo. Aliona pia kwamba haiingii mfukoni, inataka mkoba wake yenyewe, na ina vitufe vingi kuliko ofisi nzima ya Malton. Zawadi ni zawadi.

Jumapili ya kwanza ya Desemba Wagoa walikula chakula cha sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri katika ukumbi wa parokia. Nicolaus alimpitia Esmeralda kwa gari kama kila Jumapili, na walipoingia walimkuta Lancelot ameshakaa upande wa dirishani. Nicolaus akachagua meza karibu na jiko, mbali kadiri ukumbi ulivyoruhusu. Esmeralda akafunga ile lenzi nene, akazungukazunguka akisubiri wakae katika mstari mmoja. Kila alipoinua lile dude kubwa watu walijinyoosha, wakarekebisha tai, wengine wakainuka kupisha. Mwishowe akapata: Nicolaus karibu, anacheka, na nyuma yake, meza sita kutoka hapo, Lancelot. Akabonyeza. Kwenye kioo cha kamera uso wa Nicolaus ulikuwa wa kuchora. Hakutazama zaidi.

Kesho yake asubuhi aliituma. Dar ilikuwa saa kumi alasiri. Simu ikaja kabla chai haijapoa, na Adelina alikuwa analia.

"Jicho limerudi kule kule, Esme. Nicolaus namwona mpaka vinyweleo vya masikio. Lakini nyuma yake ni ukungu. Taa zimekuwa madonge. Ndivyo nilivyokuwa naona kabla hawajanikata, ndivyo hivyo hivyo!"

Esmeralda aliikuza picha kwenye simu. Meza sita nyuma ya Nicolaus palikuwa na wingu la kijivu lenye kitu cha rangi ya ngozi juu yake. Angeweza kuwa Lancelot. Angeweza kuwa birika.

"Dada, siyo jicho. Ni kamera."

"Kamera gani, hii mpya uliyoisifia? Ile kuukuu ionyeshe watu wote, halafu hii mpya isionyeshe? Usinifariji kama mtoto. Hili jicho la pili sifanyi. Nimeshamwambia daktari wasinihesabu Januari."

Akakata simu. Esmeralda alikaa na chai yake. Jicho la kushoto la Adelina halioni hata vidole. Akilikataa, atabaki na moja, peke yake kwenye ghorofa lenye ngazi, na sababu itakuwa zawadi ya kuzaliwa.

Alimwita Neil. Neil akatazama picha, akasema ni nzuri sana. Ule ukungu ndio wenyewe. Watu wananunua lenzi ile kwa ajili yake, unamtoa mtu kwenye makorokoro yaliyo nyuma yake.

"Hayo makorokoro ni mjomba wako," Esmeralda alisema.

Neil akacheka, kisha akaona mama yake hacheki. Akamwonyesha namna ya kuzungusha gurudumu ili tundu la lenzi lizibwe liwe dogo, na ukungu upungue. Wakajaribu na viti viwili kwenye korido. Kweli kiti cha pili kilianza kuonekana, ila mwanga ukapungua, picha ikatikisika, ikabidi kuzungusha gurudumu jingine, na kwa hilo Esmeralda alihitaji miwani ya kusomea, ambayo akiivaa haoni mbali. Neil alisema ni mazoezi tu, wiki mbili atazoea. Hakusema uongo. Kamera haikuwa na kosa, na mtu mwenye muda angeiweza. Ile ndogo yenyewe haikuwa na akili yoyote ya kuchagua: udogo wa kile kidude ndani yake uliifanya ione kila kitu sawasawa, aliye karibu na aliye mbali, atake asitake.

Ubatizo wa mtoto wa Kimberly ulikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Kimberly aliwaalika wote mwenyewe kwa simu, mmoja mmoja, na hakumwuliza mtu nani hasemi na nani. Esmeralda alimpa Neil ile kubwa. Neil alimpiga picha mtoto, maji ya ubatizo yakimdondoka kichwani, na picha hiyo iko ukutani sasa, kila anayeingia anasimama kuitazama. Sifa yake iende inapostahili. Ukumbini baadaye watu wote waliigeukia kamera ya Neil kama wanavyogeukia maikrofoni. Bikizee aliyesimama karibu na chai na kitu kidogo mkononi hakuna aliyemwona.

Esmeralda alizima flashi, akangoja. Nicolaus akaja mbele kuchukua keki. Nyuma, karibu na mlango, Lancelot. Kamera ikakohoa, akabonyeza mara tatu. Picha ilikuwa na chenga kama mchanga na rangi yake ilielekea umanjano, lakini watu wote walikuwemo, mpaka mtu aliyekuwa akivaa viatu mlangoni.

Asubuhi yake aliituma, akakaa na simu mapajani. Dakika kumi zilipita, ishirini. Kisha Adelina.

"Nicolaus," alisema, kwa sauti ya kuita mahudhurio. "Amekata nywele vibaya. Kimberly yule, amekonda, mwambieni ale. Mke wa Neil, gauni la bluu. Saa ya ukutani: saa saba na dakika tano. Esme! Nasoma saa ya ukutani!"

"Nilikwambia siyo jicho."

"Zima! Jicho zima kabisa! Nampigia daktari leo hii, la pili nafanya." Alicheka, na Esmeralda alicheka naye, huku anafuta macho kwa aproni. Halafu Adelina akasema, "Ngoja nimtafute Lancy. Ah. Huyu hapa mlangoni."

Kidole chake kikagonga kioo cha tableti.

"Anatembea na fimbo?"

"Fimbo?" Esmeralda akaikuza picha. Ilikuwepo, imeegemezwa kwenye goti, ya chuma, yenye mpira chini. "Sikujua."

"Na mbona yuko na koti? Kila mtu amevua, yeye amefunga mpaka juu." Adelina alikuwa anasogea polepole, kidole kwenye kioo; Esmeralda aliweza kusikia pumzi yake. "Meza yake ina viti vingapi? Moja, mbili... vinane. Saba vitupu. Hana hata sahani, Esme. Nani alimpelekea chakula?"

"Labda alikuwa hajachukua."

"Na hiyo fimbo angebeba sahani kwa mkono upi?" Akahesabu kwa kunong'ona. "Miaka yote hii mnaniambia ni Nicolaus na Lancelot hawasemezani. Mimi nikajua ni hao wawili. Naona hapa watu sitini, nimewahesabu. Huyu hakai na mtu. Na wewe ulikuwa wapi?"

Esmeralda alifungua mdomo kusema kwamba yeye hana upande, kwamba hajawahi kugombana na Lancelot hata siku moja, na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba Nicolaus anakaa dakika tano kutoka kwake na ana gari, na kwamba mtu anayekuja na Nicolaus hukaa meza ya Nicolaus. Masikio yalimwaka. Aliona aibu, tena aibu kubwa, ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Nilikuwa napiga picha, Dada."

Upanga kulikuwa na honi za magari chini ya dirisha. Adelina aliziacha zipite.

"Haya. Umeshapiga. Sasa nenda ukakae naye."

Walipoagana Esmeralda alitafuta namba ya Lancelot kwenye simu yake. Alipita L yote, akarudi akaipita tena, kisha akajaribu kwa jina la ukoo. Haikuwemo. Ilibidi ampigie Kimberly aiombe.