Nilipouza Gari la Baba Kwenye Simu

Baba alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia uligoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuambia vidole visikae bure hata siku moja, akampa mpira wa kuminya. Baba aliuchukia. Basi mchana, wateja wakiwa wachache kwenye duka langu la vitenge pale Mabatini, nikawa nampa simu yangu acheze geimu ya mashindano ya magari.

Alikuwa dereva wa lori karibu maisha yake yote, akisomba mahindi na mihogo kutoka Sengerema. Nilidhani atapenda mwendo. Wala. Alichagua pikapu kuukuu, gari la mwisho kabisa kwenye orodha, na kila sarafu ya mchezo aliyoshinda akaitia kwenye breki na matairi.

"Baba, ongeza nguvu ya injini, utashinda."

"Gari hukimbia hata likiachiwa mteremkoni," akasema. "Kulisimamisha ndiyo kazi."

Akaipiga rangi ya kijani, akaichora mstari mweupe ubavuni, polepole, kidole gumba kikitetemeka. Siku alipoumaliza ule mstari nilitoka mbio kumnunulia soda.

Halafu nikaharibu. Jumapili moja akiwa kanisani niliiuza ile pikapu pamoja na magari mengine mawili aliyokuwa ameshinda, humo humo kwenye geimu, nikamchukulia gari jekundu la mbio, limelala chini kama kobe. Nilitaka kumfurahisha.

Kesho yake dukani alilitazama kidogo tu. "Lile liko wapi?"

"Nimeliuza, baba. Hili linakimbia kweli kweli."

"Uliniuliza?"

Akailaza simu kifudifudi juu ya vitenge, akageukia barabarani. Hapo ndipo nilipong'amua. Alipokuwa amelazwa, mimi na kaka zangu tuliuza lori lake. Matibabu hayangoji. Lakini aliporudi alikuta uwanja wa nyumba mtupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye kumweleza. Hakuuliza, nasi tukajifariji kwamba ameelewa. Na lori lenyewe lilikuwa la kijani.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Na kwa lile lori pia."

Mteja akaingia, akachagua, akaondoka. Ndipo baba akanigeukia.

"Ningekubali liuzwe, mwanangu," akasema. "Nilitaka kuliaga tu."

Nililia mbele yake, mimi mtu mzima mwenye watoto. Naye akanipigapiga begani kwa ule mkono mbovu.

Pikapu kama ile ilikuwapo kwenye geimu, ila tupu, haina rangi wala breki za maana. Sarafu zote zilikuwa zimeishia kwenye lile jekundu, basi nilishindana wiki mbili hadi nikaipata, nikamkabidhi bila kuigusa. Safari hii akaipiga rangi ya njano. Vifungo vya shati bado vinamshinda, lakini kijiko sasa anakishika mwenyewe.