Viatu vya Mahameli Chini ya Pazia

Jamani, nisitirini. Jirani zetu wa Mtawanya walikuwa wanaozesha, nami nikaombwa nitunge shairi la kusifu viatu vya biharusi, vya mahameli nyekundu vilivyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Nilipoingia chumbani kuvitazama, nikaviona vimechungulia chini ya pazia. Sijapata kuona kitu kizuri vile! Mtu mzima mimi, nikapiga magoti, nikavipapasa. Vilikuwa laini kama shavu la kichanga. Machozi yakanilenga, nikaanza kughani: "Enyi viatu vya enzi, mwabeba miguu gani?"

Kiatu kimoja kikasogea.

Pazia likafunguka. Bibi mzaa mama wa biharusi, aliyekuwa akivijaribu kwa siri, akaniambia, "Endelea, mjukuu wangu. Marehemu babu yenu hakuwahi kuisifu miguu hii."