Ngitili Niliyoiita Pori

Kazi yangu ni kutazama picha za setilaiti na kuipa kila sehemu ya ardhi rangi na jina. Nikiwa ofisini Mpanda niliona, upande wa Kasokola, kipande kirefu cha nyasi katikati ya mashamba. Hakikuwa na nyumba wala njia ya ng'ombe. Nikakiandika "pori lisilotumika", na ramani ikaenda kwa wapima viwanja.

Miezi michache baadaye nilikwenda kukagua. Mama mmoja wa Kisukuma akanikuta nimesimama kwenye zile nyasi.

"Mwanangu, usizikanyage," alisema. "Hii ni ngitili yetu. Nyasi hizi tumezitunza tangu masika, ng'ombe wapate malisho kiangazi."

Na mimi ni Msukuma. Utotoni baba alinichapa kwa kuingiza ndama kwenye ngitili kabla ya wakati wake. Picha niliiangalia wiki nzima na ile fimbo haikunijia kichwani hata mara moja.

Ramani nimeshairekebisha, haikuchukua hata dakika tano. Lakini siku ile mama yule alinionyesha bikoni mpya za zege, alama za mipaka ya viwanja, zilizochimbiwa kwenye nyasi zake, akaniuliza nani kaziweka.

Nilimwambia sijui.