Shimo la Kuonyesha Wageni

Nimewadharau watu wengi maishani, lakini sijamdharau yeyote kwa raha kama wale mabingwa wa udongo waliopiga kambi karibu na kwetu Kivukoni, kando ya mto, miaka ya hamsini, wakati barabara mpya ilipokuwa ikitafutiwa mahali pa kupita. Nilikuwa mkalimani wao. Niliyaelewa yote waliyosema, na hilo ndilo lililonimalizia heshima yangu kwao.

Mkubwa wao watu walimwita Bwana Udongo. Alikuwa mwanachama wa umoja wa wataalamu wa udongo na miamba, watu waliotapakaa nchi mbalimbali, wakiandikiana, wakitumiana vifurushi vya udongo na kufundishana. Alipoutaja umoja huo alivua kofia. Mbele ya mama yangu hakuivua hata siku moja.

Nyumba ya mama ilikuwa juu ya mwinuko mdogo, mahali pekee pale jirani ambapo mafuriko hayakufika. Baba aliijenga kwa fito na kuikandika kabla hajafariki, na mto ukifura mama hakuwa na pengine pa kwenda. Bwana Udongo akaupenda mwinuko ule. Akachimbisha shimo la kumzidi mtu kimo, karibu kabisa na ukuta wa jikoni, akashuka kwa ngazi na kuzipangusa kuta zake kwa brashi, taratibu, kama anayeogesha mtoto mchanga, mpaka matabaka yote yakaonekana. Akaunusa udongo. Kisha, haki ya Mungu, akauonja.

"Mwambie mama yako tumepata shimo zuri sana," akaniambia.

Mama akauliza, "Wanalifukia lini?"

Nikafasiri. Jibu likawa kwamba halifukiwi. Desturi ya umoja wao ilikuwa kuacha shimo zuri wazi mpaka wenzao waje wabishane juu ya matabaka yaleyale, na wanafunzi wafundishwe humo humo. Wageni walikuwa njiani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikawaza.

Mama aliniuliza tena na tena, na kila mara nilimfikishia Bwana Udongo swali lake. Mwishowe nikamwambia bila kuzunguka: masika yanakuja, ukuta utaanguka. Akasema amenielewa vizuri. Kesho yake akaleta turubai la kulifunika shimo na mlinzi wa kufukuza mbuzi wasilichafue. Mama, ambaye paa lake lilivuja miaka miwili, alikuwa akipita pale na kulitazama turubai lile.

Mvua zikaanza, na habari zikatufikia kwamba lori la wageni limenasa matopeni njiani, huko Mkula. Lori zima la mabingwa wa udongo, limenaswa na udongo! Wanakijiji walilisukuma, mabingwa wenyewe wamekaa ndani wakijadiliana ni udongo wa aina gani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko hakikudumu. Upepo ulilichukua turubai, mlinzi akaenda kupanda mpunga wake, na shimo likajaa maji. Jumapili, mama akiwa kanisani, ukingo ukaporomoka na kwenda na jiko. Ukuta wa chumba chake ukafuata, ukabaki umeinama na ufa wa kupitisha mkono. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hawakumjua Bwana Udongo.

Wageni walifika njia ilipokauka. Nilidhani wataona haya. Walifurahi! Walisema mporomoko safi kama ule ni nadra kuupata. Wakawapanga wanafunzi kando ya shimo, wakauchora ufa, wakapima mteremko, wakabishania sababu kana kwamba sababu haikuwa imesimama pale pale na kaptura yake. Kitanda cha mama kilikuwa wazi mbele za watu. Yeye alikuwa amehamia kwa mdogo wake, akilala jikoni pamoja na kuku.

Bwana Udongo akamwita. Kwa mara ya kwanza akavua kofia mbele yake.

"Mwambie mama yako umoja wetu unamshukuru. Nyumba yake itafundishiwa katika nchi nyingi."

Nikafasiri. Mama akamtazama yule mtu mzima mwenye udongo kwenye masharubu, kisha akanijibu kwa Kindamba, lugha ya kwetu, polepole, nisikose neno:

"Muulize, katika nchi hizo nyingi, ipo hata moja yenye mahali pa mimi kulala?"

Nikalifikisha vilevile lilivyo. Bwana Udongo akatikisa kichwa kwa huruma, akafikiri kidogo, kisha akaomba mama asogee akasimame kando ya ufa. Walitaka kupiga picha, na bila mtu pembeni wenzao wa mbali wasingejua ukuta ulikuwa na urefu gani.

Hilo sikulifasiri. Nilimwambia Bwana Udongo asimame yeye mwenyewe.

Akasimama kweli, kofia mkononi, akitabasamu.