Pasi Niliyoielekeza Mlangoni kwa Mama Akinyi

Jambo hili sikulisimulia kwa miaka mingi, na hata sasa nawaambia nikiwa nimeinamisha kichwa. Mnajua nilikuwa konstebo Kisumu, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Msichojua ni kwamba nikishika bastola mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Si woga, ni mtetemo tu, na mimi nikawa nataka sana kujua unatoka wapi, begani au kwa moyo au kwa chai ya asubuhi (chai niliiacha wiki mbili, haikusaidia).

Mashindano ya kulenga shabaha yalikuwa karibu, kwa hiyo sajini wetu akanipa mazoezi ya nyumbani: nyoosha mkono ukiwa na kitu kizito, lenga alama moja, simama kwa mguu mmoja, fumba macho, toa pumzi nusu, hesabu hadi sitini, kisha fumbua uone mkono umehama kiasi gani.

"Na usikatize," akasema. "Ukikatiza, unaanza upya."

Kitu kizito nilichokuwa nacho ni pasi ya makaa. Chumba changu pale Dunga, kando ya ziwa, kilikuwa kidogo, basi nikatoka nje alfajiri na kaptura peke yake, nikachagua msumari kwenye mlango wa jirani yangu Mama Akinyi, mjane aliyekuwa akikaanga samaki ufuoni, nikaulenga kwa pasi, nikafumba macho. Nilikuwa nimefika ishirini na tatu mlango ulipofunguliwa.

"Bwana, unafanya nini kwa mlango yangu?"

Hapo ningejibu tu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetulia kuliko siku zote, nikaona acha nimalize kwanza, nitaomba msamaha nikifika sitini, kwa hiyo nikaendelea kuhesabu kwa kunong'ona huku nasikia ndala zake zikienda mbio. Nilipofumbua macho, mkono haukuwa umehama hata kidogo, na mbele yangu walisimama watu kama kumi, mmoja ameshika kasia.

"Jajuok," mtu akasema kwa sauti ya chini. Ndivyo Wajaluo wanavyomwita mchawi anayezungukia nyumba za watu akiwa uchi, na mimi nusu yangu ilikuwa uchi kweli.

"Ni mazoezi ya mkono," nikasema.

Mwenye nyumba, Mzee Odhiambo, akanitazama kuanzia chini. "Ya mkono, na unasimama na mguu moja?"

Shati sikuruhusiwa kuvaa. Tukaenda kituoni, mimi mbele na pasi yangu, wauza dagaa wa omena wakiacha beseni zao kutufuata. Niliogopa, kwa sababu jina hilo likikushika, unahama, na kabla ya kuhama hakuna atakayekuuzia hata sukuma wiki.

Sajini alisikiliza bila kucheka (namshukuru mpaka leo), akaeleza mazoezi yale polepole, kisha akamwomba Mama Akinyi ajaribu mwenyewe. Mama akaishika pasi, akafumba macho, tukamhesabia sitini, akapita, akafika mia, huku akiendelea kunisuta. Pasi haikutikisika.

Nikasahau aibu yote. "Mama, unafanyaje?"

"Mimi nageuza samaki kwa mafuta moto tangu nikiwa msichana. Ukikaza mkono, inatetemeka, mafuta inakurukia. Shika kama haina uzito." Akanirudishia pasi. "Na mtu akikuuliza kitu, jibu."

Kwenye mashindano nikawa wa tatu. Jina la jajuok lilinifuata miezi kadhaa, na watoto walipiga kona wakiniona. Mazoezi sikuyaacha, ila nayafanya nikielekea ukuta wangu mwenyewe, nimevaa shati, na mtu akiniita hata nikiwa hamsini na tisa, naweka pasi chini na kuitika.