Reli ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, chef de gare wa Mungbere, mkubwa wa stesheni, alinipokea na kikombe cha chai mkononi, wala hakunisalimia. Alinipeleka moja kwa moja kwenye aiguille. Ninyi vijana wa Bunia mmezaliwa mahali ambapo reli haijawahi kufika, kwa hiyo nieleze kidogo. Aiguille ni zile ndimi za chuma zinazosogea pale njia moja ya treni inapogawanyika kuwa mbili. Ukizivuta huku, treni inaingia kwenye magodauni ya kahawa. Ukizivuta kule, inaelekea Isiro. Mwenye kuzivuta anaitwa aiguilleur, na hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

"Unaona nini?" chef de gare aliniuliza.

"Naona njia iko sawa, Chef."

"Nani alikuambia?"

"Macho yangu."

"Macho yako ni ya kutazamia wanamuke. Hapa siye tunapima."

Akanipa jauge, yaani fimbo ya chuma iliyokatwa sawasawa na upana wa njia. Reli yetu ilikuwa nyembamba, sentimita sitini tu kati ya chuma na chuma. Fimbo ukiilaza katikati haitakiwi kusukumwa kwa nguvu, wala haitakiwi kucheza. Ndipo unafunga ulimi wa reli kwa kufuli, unainua bendera ya kijani, na machiniste, yule anayeendesha treni, anapiga filimbi na kupita. Bila bendera yangu, hata angekuwa amembeba gavana, alipaswa kusimama.

Siku hiyohiyo nilimwona Dieudo. Alikuwa anajifunza umachiniste, na treni iliingia yeye akiwa amening'inia mlangoni, kofia imelala upande. Watoto walimkimbilia. Mama wauza ndizi walimkimbilia. Mimi niliyemfungulia njia nilisimama na bendera yangu kama mtu aliyesahauliwa mvuani. Nilimchukia kabla sijajua jina lake. Jioni alikuja kunisalimia na kipande cha muhogo wa kuchoma, tukala pamoja, na tangu hapo akawa rafiki yangu. Chuki iliisha. Wivu haukuisha, na sitawadanganya kwamba uliisha baadaye.

Mtu anaonea wivu vitu vidogo. Nilipooa, bibi yangu alikuwa akileta chakula gare, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Machiniste alishakula?" Mimi mumewe nilikuwa nimesimama palepale na njaa yangu. Nilipohamishiwa Isiro chini ya chef de voie, mkubwa wa wale wanaotunza njia yenyewe, nilifikiri nimepumzika na kofia ile. Baada ya muda mfupi Dieudo naye akapangiwa Isiro, na watoto wa Isiro wakamkimbilia vilevile.

Kisha treni zikapungua. Majani yakaota katikati ya mataruma, yaani zile mbao ambazo reli inalala juu yake, na siku moja hakuna aliyekuja kutuambia turudi kazini. Nilikwenda Niania, nikapata kazi ya kuinua na kushusha mti wa barrière, kizuizi cha barabarani, mbele ya malori. Chef de poste, mkubwa wa pale, alisema hajawahi kuona mtu anayeinua mti kwa heshima namna hii. Mwishowe nikashuka Bunia, nikafanya kazi kwenye depo ya mwenye malori mpaka nilipostaafu. Dieudo alikuwa ameshika usukani wa lori la samaki, Kasenyi kwenda Bunia na kurudi. Tulikutana sokoni Nyakasanza, wote wawili tumeota mvi, tukashikana mikono mpaka watu wakatupisha.

Yeye ndiye aliyeanza wazimu huu. Bibi yangu alikuwa amefariki, watoto wametawanyika, na nyumba yangu ilikuwa kimya sana. Dieudo akaja siku moja na bati la mafuta ya kupikia lililokatwa kwa umbo la locomotive, kichwa cha treni. Ndani alikuwa ametia mota inayosukuma vifutio vya kioo cha gari, na betri ya pikipiki. Aliiweka mezani.

"Weye utatengeneza njia," akasema. "Mi sijue kutembea bila njia."

Nikatengeneza. Nilichukua vyuma vya vitanda vibovu, wachomeleaji wa sokoni wakaninyooshea, nikapasua mataruma ya mkaratusi, nikapunguza kila kitu mara kumi: sentimita sitini zikawa sita. Njia ikatoka mlango wa jikoni, ambao tuliuita Mungbere, ikazunguka nyumba mpaka langoni, Isiro. Nilitengeneza aiguille, kufuli lake, jauge yake ndogo, na bendera yake. Mama Vero, jirani yangu anayeuza samaki, akatushonea abiria wa vitambaa. Alijidai anatuhurumia, lakini alikuwa akijifungia na sindano hadi samaki wanamwozea. Alasiri baada ya alasiri tulikuwa hapo watatu. Dieudo alisimamisha treni mbele ya aiguille yangu, akapiga filimbi kwa kinywa chake, akangoja bendera. Sheria ni sheria, hata kwa treni ya bati.

Wageni wa parcelle yangu, yaani kiwanja changu, walikuja kutazama. Walitazama nini? Locomotive. "Ayee, Papa Dieudo, weye iko fundi!" Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama ndimi zangu za chuma. Ukiona vyaelea vimeundwa, wanasema, lakini watu wa Bunia waliona tu vinavyokimbia. Nilinuna, lakini jioni Dieudo alibaki kula kwangu, na hilo lilinitosha.

Basi akaja Docteur. Huyu alikuwa mwenye duka la dawa, naye amestaafu, anakaa mtaa wa Mudzipela, na watu humwita Docteur kwa heshima tu. Binti yake aliye Ulaya alimletea treni ya kununua: nyekundu, inang'aa, inaendeshwa kwa télécommande, kile kidude cha kufinya ukiwa mbali, na njia yake inakuja imekatwa vipande tayari. Alisikia habari zetu, akaja kutualika. Tulikwenda. Sebule yake ina sakafu ya saruji na hakuna matope. Treni ilizunguka yenyewe, aiguille zikajivuta zenyewe bila mkono wa mtu. Dieudo alishika ile télécommande kama anayeshika mtoto mchanga. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nilikiona kidonda, yeye aliona kinyemi.

Tangu hapo alianza kuchelewa kuja. Akaanza kusema "Docteur anasema" na "kule kwa Docteur". Nikimwuliza kuhusu njia yangu, anajibu akitazama saa. Mama Vero alinicheka waziwazi.

"Umenuna sawa bibi ya kwanza," alisema. "Docteur njo mbanda yako." Mbanda, kwa sisi huku, ni mke mwenza, yule mnayegawana naye mume mmoja.

"Mi sina mbanda."

"Basi sababu gani unachungulia barabara kila saa?"

Alasiri moja Dieudo alikwenda msalani akaacha mfuko wake wa koleo. Niliufungua. Ndiyo, niliufungua, na ningeufungua tena. Ndani kulikuwa na magurudumu mapya, mawili mawili kwenye vyuma vyake, yamesuguliwa vizuri. Nikayaweka juu ya njia yangu. Yakaanguka katikati. Nikapima: sentimita nne na nusu, upana wa njia ya Docteur.  Mwanamume mwingine angekuta barua kwenye mfuko wa mkewe. Mimi nilikuta magurudumu.

Aliporudi nilikuwa bado nimeyashika.

"Haya ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yanaanguka kwa njia yangu."

"Njo vile. Sikuyatengenezea njia yako." Akakaa juu ya kigoda, akavua kofia. "Sikiliza, Aiguilleur. Toka Mungbere niko nangoja mukono yako. Mutu muzima, ninasimama, ninapiga filimbi, ninangoja. Kule kwa Docteur hakuna bendera. Unafinya, unaenda. Niko na hamu ya kuenda tu."

"Basi enda."

Sikufikiri angekwenda. Alichukua locomotive, akaifunga kwenye kitambaa, akaita pikipiki nje ya lango. Mama Vero alikuwa anawavisha abiria wake. Akabaki na sindano hewani. Mimi nilijifanya ninapaka mafuta aiguille.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilipika chakula cha wawili kwa mazoea, nikakitupa. Nilimtukana Docteur nikiwa peke yangu, nikamtafutia ubaya, nikapata tu kwamba anaongea Kifaransa kingi. Kilichoniuma si treni. Nilikuwa na rafiki mmoja duniani aliyenijua nikiwa kijana, na mtu mwenye sakafu ya saruji alikuwa amemchukua.

Ndipo nikamkumbuka chef de voie wa Isiro. Alikuwa mtu wa kutembea njia nzima akipiga mataruma kwa kisigino, na ujana wake alifanya kazi mbali, mahali ambapo treni pana na treni nyembamba zilipita njia moja. "Haubomoe njia," alikuwa akituambia. "Unatia reli ya tatu ndani." Gurudumu la upande mmoja linakanyaga reli ileile ya zamani, na upande wa pili, la treni pana linakanyaga ya nje, la treni nyembamba linakanyaga ile ya ndani. Treni mbili, njia moja.

Nilifanya kazi hiyo peke yangu, kwa hasira. Msidhani nilikuwa nimesamehe. Nilipiga kila msumari nikisema, nitakuletea huo wembamba wako hapahapa, tuone utakuwa na sababu gani ya kwenda Mudzipela. Njia iliyonyooka ilikuwa rahisi. Aiguille ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu reli tatu zinataka ulimi mmoja wa ziada, na ulimi huo ukikosea kidogo treni moja inapita na nyingine inalala chali. Niliukata, nikautupa, nikaukata tena. Mchomeleaji aliniuliza ni mashine gani ninatengeneza. Nikamwambia ni mtego.

Ulimi ulipokubali jauge zote mbili, ya sita na ya nne na nusu, nilimtuma Mama Vero. "Mwambie njia iko wazi. Usimwambie zaidi."

Dieudo alikuja, lakini alikuja na Docteur, aliyebeba sanduku la treni yake nyekundu. Nilitaka kufunga lango. Docteur aliona zile reli tatu, akasema "Oh!" kama mtoto, akalala kifudifudi kwenye matope na suruali yake nzuri ili azitazame vizuri. Aligusa aiguille yangu kwa kidole. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuigusa hivyo. Ilikuwa vigumu sana kumchukia mtu huyo, na nilijitahidi.

Dieudo alifungua kitambaa chake. Aliweka locomotive yake ya bati, sasa na magurudumu membamba, mlangoni pa jikoni. Ikatembea. Ilipofika mbele ya aiguille aliisimamisha. Docteur akamwambia kwa upole, "Papa, endelea tu," lakini Dieudo hakuendelea. Alipiga filimbi kwa kinywa, akanitazama. Nilimwacha angoje. Nilipima upande wa kushoto, nikapima upande wa kulia, nikakohoa. Kisha nikainua bendera.

"Umetia reli ya tatu," alisema treni ilipopita.

"Mvua iliharibu njia. Nikaona niongeze chuma."

"Uongo."

"Ndiyo, ni uongo. Sikutaka ukae kule."

Akacheka kidogo, akitazama chini. "Weye unazani ni weye peke yako uliona wivu? Kila siku weye ulilala kwako. Watoto wako walijua sura yako. Wangu walikuwa wananiita Papa Treni. Ukiinua ile bendera, mi nasema: huyu anabaki, mi naenda."

Niliishusha bendera yangu. Katika miaka yote hiyo haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu wa kukimbiliwa na watoto wa wenzake angeweza kutamani kusimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi.

Sasa ninyi mnaosoma mtatarajia niseme kwamba uzee unapoza wivu. Haupozi. Dieudo anagawa siku: siku zangu, na siku za Docteur. Siku zangu ni nzuri, na Dieudo hubadilisha magurudumu, mara mapana ya zamani, mara membamba. Siku za Docteur ninakagua njia, na ninawaambia kitu ambacho chef de voie hakutuambia. Katika reli tatu, ile ya upande mmoja ambayo treni zote mbili zinaikanyaga ndiyo inayolika kwanza. Zile nyingine bado zina kutu, yenyewe imeshang'aa na kukonda.

Niliona hilo, kisha nikaona goti la Dieudo. Alikuwa anashuka kwenye pikipiki akishikilia ukuta, na alikuwa ametoka Mudzipela jana yake, na kesho yake angekwenda tena. Mzee huyu alikuwa anazunguka kati ya nyumba mbili ili asimkasirishe mtu, na mmoja wa hao wenye kukasirika nilikuwa mimi.

"Kesho usikuje," nikamwambia.

Akashtuka. "Nimefanya nini?"

"Kesho ni siku ya Docteur. Kaa kwako, nitakupitia na pikipiki yenye kiti kizuri. Tunaenda pamoja."

"Weye? Kwa Docteur?"

"Mimi."

Nilikwenda. Docteur alitupokea kwa chai, akamwonyesha Dieudo kiti kilicho karibu na chake. Nilitangulia mimi kukikalia. Dieudo akakaa upande wangu wa pili, akanyoosha goti, na alasiri nzima ile télécommande ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine ilipaswa kupita kwangu kwanza.